Mama Chapchap Ashtakiwa kwa Kuzubaa

Karatu kuna watu wenye haraka, halafu kuna Lukresia Sulle. Mama yake alimzalia kwenye shamba la mbaazi kwa sababu mtoto hakuwa tayari kusubiri afikishwe nyumbani, na tangu siku hiyo hajamsubiri mtu. Siku ya ndoa yake alijibu "ndiyo" padri akiwa bado katikati ya swali, ikabidi padri aanze upya ili kanisa lijue bibi harusi amekubali nini. Bwana harusi, Patrisi, mkulima wa maharage ambaye hata jasho lake hutoka polepole, alikuwa bado anapapasa mifuko akitafuta pete.

Leo Lukresia ni mama mtu mzima mwenye Noah nyeupe, ingawa kuhusu weupe huo itabidi uniamini mimi, maana udongo mwekundu wa Karatu haujawahi kuupa nafasi. Kazi yake ni kutoa wageni hotelini na kuwapeleka kwenye uwanja mdogo wa ndege ulio nje ya mji. Anapakia, anakimbiza, anashusha, anarudi. Watu humwita Mama Chapchap, naye jina hilo amelibandika kwenye kioo cha nyuma kwa herufi za bluu. Amewahi kumshushia mgeni begi kabla mgeni hajafungua mkanda. Amewahi pia kuifikisha uwanjani familia nzima ya Wabelgiji, akaagana nao, akageuza gari, ndipo wakapata nafasi ya kumwambia kwamba bibi yao bado yuko hotelini anakunywa chai. Alimfuata bibi yule na kumleta, na ndege ilipotua ilimkuta ameshakaa kwenye benchi, nywele zimesimama wima.

Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekuja kushtakiwa kwa kuzubaa.

Mambo yalianza pale wenye uwanja walipoikabidhi sehemu ya kushushia abiria kwa kampuni binafsi iliyojiita Shusha Twende. Kampuni ikaleta kamera na kuitundika juu ya nguzo, ikaleta geti la kunyanyua na kushusha, ikaweka kontena la bluu kuwa ofisi, na ndani ya kontena ikamweka meneja kutoka Dar es Salaam aitwaye Hilary, kijana mpole aliyevaa masweta mawili kwa wakati mmoja na bado akatetemeka kwa baridi. Getini wakamweka Metui, kijana wa Kimaasai kutoka upande wa Ngorongoro, wakamvika kizibao cha njano kinachong'aa. Sheria ilikuwa rahisi: shusha abiria, ondoka ndani ya dakika tano. Ukizidisha, unatozwa faini, na kibali chako cha kuingia uwanjani kinafutwa kwa msimu mzima.

Madereva walilalamika, isipokuwa Lukresia. Dakika tano kwake zilikuwa anasa. Aliwaambia wenzake kwamba kwa muda huo yeye angeweza kushusha abiria, kuwapakia tena, na kuwashusha mara ya pili kwa kujifurahisha tu.

Kisha akampakia Mzee Tajewo.

Mzee Tajewo ni mfugaji wa Olbalbal, mrefu, mwembamba, mwenye lubega nyekundu na fimbo iliyong'arishwa na kiganja. Binti yake Nashilu, anayefanya kazi kwenye kambi ya watalii Ololosokwan, alikuwa amemtafutia kiti kwenye ndege ndogo ili aende akawaone wajukuu. Mzee alikuwa hajawahi kupanda ndege. Lukresia alimchukua Karatu mjini, akakimbiza gari kama kawaida yake, na njia nzima mzee alishika fimbo kwa mikono miwili. Walipofika eneo la kushushia, Lukresia akaruka chini, akamfungulia mlango, akamwekea kibegi chake miguuni, akarudi kwenye usukani na kushika ufunguo. Mzee akanyanyua mkono.

"Mama, subiri. Huyu mnyama wako amenifikisha salama. Siwezi kumwacha hivihivi."

Akaanza kulibariki gari.

Hapo ndipo penye jambo zima, kwa hiyo nitaeleza vizuri. Mzee wa Kimaasai akikuombea, humwachi akiongea peke yake ukaenda zako, wala huwashi injini. Lukresia ni Mwiraqw, na kwao nako wazee wakisimama kuomba ile sala yao, slufay, hata mtoto mchanga ananyamazishwa. Akatoa mkono kwenye ufunguo. Mzee akasimama mbele ya gurudumu la kwanza, akalitemea mate kidogo, ya baraka, akaliombea barabara nzuri. Akaliombea lisikutane na mwiba. Akalitaja korongo moja baada ya jingine kutoka Olbalbal hadi Karatu, na kote akaliombea lipite.

Vijana wa Kimaasai waliokuwa wakibeba mizigo walipomwona mzee, wakaacha mizigo, wakaja kuinamisha vichwa awaguse, maana ndivyo mdogo anavyomwamkia mkubwa. Akawagusa mmoja mmoja, na kila mmoja akaulizwa ni mtoto wa nani, na ng'ombe wa baba yake wanaendeleaje, na kama mvua imenyesha kwao. Wapishi wakatoka jikoni. Mwisho kabisa akaja Metui, kizibao kikimeremeta, naye akainamisha kichwa mbele ya bampa la Noah. Geti alikuwa amelishusha na kulifunga nyuma yake, kwa uangalifu mkubwa, kama alivyofundishwa kazini.

Kwa hiyo Lukresia hata angetaka kukosa adabu asingekuwa na pa kutokea. Alikaa tu ndani ya gari, miguu ikicheza yenyewe kwenye pedali.

Jioni simu yake ikalia. Ujumbe ulisema: "Ndugu mteja, gari lako limezubaa eneo la kushushia abiria. Kibali chako kitafutwa. Una haki ya kukata rufaa."

Lukresia aliusoma amesimama, akausoma ameketi, akausoma akitembea kuelekea shambani kumtafuta mume wake. Patrisi aliuchukua, akausoma kwa utaratibu wake, akafika kwenye neno "limezubaa", akarudi nyuma kuhakikisha namba ya gari, kisha akaketi chini kwenye maharage na kucheka hadi machozi yakamtoka.

"Mama Brigita! Wewe? Kuzubaa?" Brigita ni binti yao, aliyeko chuoni. "Miaka yote hii mimi nangojewa kama ng'ombe mgonjwa, leo wamekukamata wewe?"

"Baba Brigita, usinichekeshe, nina hasira."

"Sijakuchekesha, nacheka mwenyewe."

Lakini Lukresia hakuwa na utani. Bila kibali, kampuni za utalii zingempa mtu mwingine kazi ya uwanjani siku hiyohiyo, na msimu wa wageni ulikuwa mlangoni. Angebaki kubeba vitunguu vya Mang'ola. Aliwahi kuvibeba zamani, na harufu ilikaa ndani ya Noah hadi wageni wakawa wanashuka uwanjani wakilia, na wenzao wakidhani wanaihuzunikia Tanzania. Akipoteza kibali, amepoteza kazi anayoipenda kuliko zote. Hilo lilimuuma. Na lile neno kuzubaa lilimuuma zaidi, nisikufiche.

"Andika tembo," Patrisi akamshauri alipomaliza kufuta macho. "Wote wanaandika tembo."

Ni kweli. Kampuni ilikubali sababu chache tu za kuchelewa, na mojawapo ilikuwa mnyama kuzuia njia. Madereva wa Karatu walikuwa wameishika hiyo kwa mikono yote, na katika wanyama wote wakamchagua tembo, kwa kuwa hakuna anayebishana na tembo. Ukisikiliza rufaa za mwezi mmoja tu, ungedhani tembo wote wa kreta ya Ngorongoro wamehamia uwanja wa ndege na wanashinda pale wakizisubiri Noah. Dereva mmoja aliyetaka kuonekana mkweli alisema alizuiwa na kobe. Rufaa yake ilikataliwa, akaambiwa angemwinua.

Lukresia akapiga moyo konde, akaenda kwenye kontena la bluu. Hilary alimkaribisha huku amekumbatia kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili.

"Karibu mama. Nakuomba tusipotezeane muda. Tembo wangapi?"

"Hakuna tembo, meneja."

Hilary akaweka kikombe chini. Nadhani hakuwa amesikia maneno hayo tangu aje Karatu.

"Hakuna?"

"Tembo mimi ningempita," Lukresia akasema. "Mzee ndiye nisingeweza kumpita. Alikuwa analibariki gari."

Akamweleza yote kwa pumzi moja: gurudumu, mate, makorongo, vichwa vilivyoinama. Jina la Metui hakulitaja, maana alijua kijana angemwaga unga. Hilary alisikiliza, akaonekana kutamani arudishiwe tembo.

"Mama, mimi nakuheshimu. Lakini baraka ni kitu cha sekunde. Padri ananyunyiza maji, mnaondoka. Mtu mzima na akili zako, ungemwambia tu, mzee, asante, nina haraka."

"Wewe ungeweza kumwambia?"

"Bila shida yoyote," Hilary akasema. "Mimi nafuata kanuni. Basi mlete huyo mzee athibitishe kwamba alikuzuia. Akithibitisha, kibali utabaki nacho. Lakini iwe kabla sijasafiri."

Mzee Tajewo alirudi kutoka Ololosokwan siku ileile Hilary aliyokuwa akisafiri, kwa ndege ileile ambayo ingemchukua Hilary. Lukresia alimpokea mlangoni mwa ndege karibu ambebe mgongoni. Gari la kampuni, lililokuwa limemleta Hilary na sanduku lake, lilikuwa limesimama eneo la kushushia. Hilary mwenyewe alikuwa amesimama kando yake, sanduku mkononi, masweta yote mawili mwilini. Metui alikuwa getini akijifanya anatazama mawingu.

"Mzee, shikamoo," Hilary akasema haraka. "Nina swali moja tu. Siku ile ulipoondoka, ulimchelewesha huyu mama?"

Lukresia akatabasamu. Mzee Tajewo akafikiri, akamtazama Lukresia kwa upendo, akamtazama Hilary.

"Hapana," akasema.

"Mzee!" Lukresia akapiga kelele.

"Sikumchelewesha mtu. Niliona mama ana haraka, miguu yake inacheza ndani ya gari, nikamhurumia. Nikafupisha. Niliomba kidogo sana, kama mtoto. Hata aibu niliona."

 Lukresia akaiona Noah yake imejaa magunia ya vitunguu hadi darini. Angeweza kumkatalia mzee, lakini angeanzaje? Mzee alikuwa amesema ukweli wake, tena kwa nia ya kumtetea. Machozi yakamlengalenga.

"Pole mama," Hilary akasema, na kwa kweli alionekana kumwonea huruma. "Shahidi ni wako mwenyewe. Nikirudi nitafuta kibali. Mzee, asante sana, mimi nakimbilia ndege."

"Unakwenda wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, Dar."

"Kuna amani nyumbani?"

"Kuna amani. Mke wangu amejifungua. Mtoto wa kwanza, sijamwona bado."

Mzee Tajewo akaweka kibegi chake chini.

"Mtoto wa kwanza," akasema, "na wewe unataka kuondoka na kichwa kikavu?"

Akapiga hatua akasimama mbele ya Hilary, akamwekea kiganja kichwani, akaanza. Safari hii hakumhurumia mtu. Hilary alitoa simu kwa haraka, nadhani alitaka kumwonyesha Lukresia kwa saa jinsi baraka isivyozidi sekunde, akabonyeza, namba zikaanza kukimbia. Mzee aliomba kwa Kimaasai. Vijana wa mizigo wakaacha mizigo, wakaja na kuzunguka, na kila mzee alipovuta pumzi wao wakaitikia kwa pamoja, "Naai!" yaani Ee Mungu. Wapishi wakatoka. Metui akaliangalia geti, akamwangalia mzee, akalifunga geti kwa uangalifu mkubwa, akaja mbio akajipanga nyuma ya bosi wake ili amtafsirie sikioni.

Mzee akaongea kwa muda mrefu sana, mkono wa kushoto ukionyesha milima.

"Anasema mtoto wako akue," Metui akanong'ona.

"Hayo tu? Mbona ameongea sana?"

"Mengine ni ng'ombe."

"Mimi sina ng'ombe."

"Anajua. Anawaombea hao usionao."

"Naai!" wakaitikia watu.

Mzee akamtemea mate ya baraka kwenye paji la uso. Hilary akafumba macho, akajaribu kufungua mdomo, na Lukresia, aliyekuwa akimtazama kwa jicho la mtu asiye na cha kupoteza, akaona wazi neno "asante, nina haraka" likija hadi kwenye meno ya meneja na kurudi tumboni. Mara ya pili likaja, likarudi tena. Nyuma ya gari la kampuni kulikuwa na foleni ya magari, na rubani mwenyewe alikuwa ametoka kuja kuona abiria wake wamekwama wapi. Mzee akamwona, akamwita kwa kidole, rubani akavua kofia na kuinamisha kichwa.

"Sasa anamuuliza Mungu kama mke wako ana maziwa ya kutosha," Metui akanong'ona. "Anasema asiye na mama mkwe karibu apewe jirani mwema. Anasema baba anayefanya kazi mbali, mtoto asimwogope akimwona."

Hilary hakuuliza tena kama ni hayo tu. Ile simu iliyokuwa ikihesabu ikashuka polepole ikaingia mfukoni, na watu walipoitikia tena, sauti yake ilisikika juu ya zote, kwa lafudhi ya Dar kabisa: "Naai!" Alikuwa akilia waziwazi, kijana wa watu, na mate ya mzee na machozi yake yalikuwa yamechanganyika hadi kwenye kola ya sweta la juu.

Mzee alipomaliza, akamgusa mabega yote mawili, akaokota kibegi chake kana kwamba hakuna lililotokea. Hilary akatazama geti lililofungwa. Akamtazama Metui, ambaye ghafla alikumbuka kazi yake na kuanza kurudi nyuma polepole. Akatazama kamera juu ya nguzo, na gari la kampuni chini yake, na foleni. Kisha akamgeukia Lukresia.

"Mama," akasema, huku akifuta uso kwa mkono wa sweta, "mimi ndiye mwenye kanuni. Nilikuwa na saa mkononi na ndege inaningoja. Na sikuweza kumkatiza. Sasa wewe ungewezaje?"

"Ndicho nilichokuwa nakuambia!"

"Kibali kaa nacho. Nampigia karani sasa hivi, aandike rufaa imekubaliwa. Na neno kuzubaa nalo alifute. Mtu wa kuzubaa hapa alikuwa mimi."

Lukresia alipiga kigelegele ambacho rubani alikidhania king'ora. Alimkumbatia Hilary na sanduku lake kwa pamoja, akamkumbatia Metui, akataka kumkumbatia mzee, akajizuia, akainamisha kichwa, akaguswa. Hilary akamtupia funguo za gari la kampuni, akimwomba aliondoe pale, dereva amejipeleka jikoni kula. Kisha akakimbia kuelekea ndegeni, sanduku likirukaruka nyuma yake.

Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua, kazi ya Mama Chapchap hasa. Aliingia, akawasha, Metui akanyanyua geti. Lakini kule mbele Hilary alikuwa amefika kwenye ngazi ya ndege, amegeuka, anatafuta kwa macho kama kuna mtu wa kumpungia mkono, kijana ambaye katika kipindi chote cha kuwatoza watu faini kwa kuagana hakuwa amesindikizwa na yeyote. Lukresia akazima injini. Akashuka, akasimama wazi kabisa pale eneo la kushushia, akanyanyua mikono yote miwili akampungia, na hakuishusha ndege ilipofunga mlango, wala ilipoanza kutimua vumbi, wala ilipopaa na kukata kona juu ya mashamba.

Nyuma yake honi zikaanza kulia.

"Mama Chapchap!" dereva mmoja akapaza sauti kwenye dirisha. "Toa gari! Mbona unazubaa?"

"Subiri," Lukresia akamjibu bila kugeuka. "Bado namwona."